Blanketi la Kufungia Mashine

Nilikwenda Songea kuchukua mashine. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, vyama vilichipuka kila kona, na chetu, cha walimu wa viziwi na wahudumu wa masikio, kiliendeshwa na viongozi wa kujitolea. Mimi nilikuwa katibu. Tawi la Songea halikuwa na mwenyekiti kwa miaka miwili wala halikujibu barua, hivyo kamati ikaamua: nikifika nisipate mwenyekiti, tawi lifungwe na mashine yao ya kupimia usikivu ihamie shuleni kwangu Njombe. Nakiri uamuzi huo haukuniuma.

Njombe, saa moja asubuhi, baridi kali. Nilipanda basi nikiwa na kamba na blanketi zito la kufungia mashine, lile analolipenda mke wangu. Jambo moja lilinitatiza njia nzima. Kwa takwimu za hospitali, tawi hilo lisiloandika barua ndilo lililopima watoto wengi kuliko mengine yote. Nani aliyekuwa akiwaleta?

Madaba, basi liliposimama, nilinunua mahindi ya kuchemsha. Nikamweleza muuzaji safari yangu.

"Aa, unaenda kwa yule mama fundi cherehani," alisema. "Alikuja huku na lori la mahindi, akamchukua mtoto wa dada yangu akapimwe. Kumbe hasikii, sisi tulikuwa tunamchapa kwa ukaidi."

Hatukuwa na fundi cherehani yeyote katika orodha ya wanachama.

Songea, saa nane mchana. Mwalimu Haule, katibu wa tawi, alinipokea akanipeleka moja kwa moja mtaa wa Mfaranyaki, kwenye chumba cha mikutano. Walikuwapo watu sita. Pembeni alikaa mama wa makamo, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akinitazama mdomoni.

"Huyu ni Mama Mapunda, anatusaidiasaidia," alisema Haule. "Homa ilimwondolea usikivu ukubwani. Anasoma midomo."

Nilisimama dirishani nikatoa hotuba yangu yote, nikamaliza kwa kuuliza nani atashika uenyekiti. Haule alisema vipindi vimemzidi. Muuguzi akataja zamu zake. Nilikuwa nimeanza kuipigia mashine hesabu ya mahali pa kukaa kwenye basi, Mama Mapunda akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jua liko mgongoni kwako. Uso wako naona giza tu. Sijapata hata neno moja."

Kila wiki nawaonya wazazi wasifanye kosa hilo hilo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yeye hakungoja radhi. Alilichukua blanketi juu ya begi langu, akalitundika dirishani kwenye misumari ya pazia, akarudi kukaa. Nikaanza upya.

"Kwa hiyo mashine inaondoka," alisema nilipomaliza.

"Akikosekana mwenyekiti."

"Na barua zenu mbona sikuziona? Ningezijibu."

Haule alikuna kichwa. "Mama, tuliona tusikuchoshe. Wewe ni kama mgonjwa wetu."

"Mgonjwa gani anawafuata watoto mpaka Namtumbo?"

Nilimuuliza mama huyo kama yuko tayari kushika uenyekiti. Alisema yuko tayari kwa sharti moja: anayetaka kusema anyooshe mkono, aseme peke yake, uso wake uonekane. Mikono yote ikapanda, ya Haule ikiwa ya mwisho. Kikao kilichobaki kilichukua nusu saa. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika chama chetu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya basi, nilipita kwenye cherehani ya Mama Mapunda kuomba blanketi langu.

"Liache," alisema Mama Mapunda bila kuacha kushona. "Jumamosi tuna kikao."

"Mke wangu ataniuliza."

Hakuitikia. Nikakumbuka, nikazunguka mbele ya cherehani, nikarudia.

"Mwambie lina kazi," alisema.

Njombe, saa saba mchana, baridi ileile. Mwalimu mkuu alinipokea akitafuta mzigo kwa macho. Nilimweleza nilichojifunza: miaka miwili tulimtafuta kiongozi, naye alikuwa amekaa chumba kimoja na wenzetu, ila hatukumwambia tunatafuta. Hakufurahi, na sikumlaumu.

Mke wangu yeye aliuliza blanketi tu. Nilimgeukia kwanza, nikamwambia liko dirishani Songea, lina kazi. Tulilala na makoti.