Duara, Neno Lililoniketisha na Mmisri

Ipo siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa wafunga mizigo kwenda kusoma ng'ambo, bora nikuhadithie.

Nilikuwa kijana, baharia wa meli ya mizigo. Tukiwa mbali, zikaja habari kwa redio: mama yangu, kule kijijini kwetu Chokocho, amefariki na kashazikwa. Nahodha alinipa pole kwa Kiingereza, akarudi kazini. Mswahili nilikuwa peke yangu mle. Nikawa nafanya kazi, nalala, sisemi na mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mchana mmoja mpishi, mzee wa Kiromania, alituletea mkate mpana kama sinia. Akausifu kwa lugha yake: rotund, yaani mviringo. Mtaliano akadakia, kwetu rotondo. Mspania naye, redondo. Wakacheka. Mzee akawaeleza, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, kuwa maneno hayo ni ndugu. Mama yao ni Kilatini, aliyesema rotundus, akalitoa kwenye rota, yaani gurudumu. Mama alikufa zamani, watoto wakatawanyika.

Aliposema mama alikufa, nikauweka mkate wangu chini.

"Na kwenu je?" akaniuliza.

"Duara."

Fundi wa mashine, Mmisri tuliyekuwa tukipishana tu ngazini, akainua uso. Neno lile, kumbe, sisi tumelirithi kwa Waarabu.

"Sisi twasema daira," akasema, akahamia kando yangu. "Mbona huli?"

"Nimefiwa na mama. Wiki ya pili sasa."

Akanipa mkono wa pole. "Nami Mwislamu mwenzio nalala chumba cha pili. Hata jina hukuniuliza."

Hakunikemea zaidi. Jioni tulimsomea mama Yasini, wawili tu. Ndiyo hitima aliyoipata kwa mwanawe. Bandarini kwao Mmisri akashuka, sikumwona tena. Leo hapa Wesha nyumba i kimya, wanangu wengine wote wako mbali, nawe waondoka. Nikiomba dua, Mmisri yule naye humtia.

Basi mwanangu, ugenini usizike msiba wako kifuani. Kuuliza si ujinga: muulize jirani jina lake, muulize kwao kitu hiki huitwaje. Udugu wa nazi hukutana chunguni. Upweke mwingine hauna dawa, naujua. Lakini usiuongeze kwa kunyamaza.

Mungu akufungulie milango na ndimi za watu, akupe wa kuketi naye siku ya huzuni, akurudishe salama. Amin.