Majani ya Mnyonyo kwenye Vidole vya Mama

Jani la mnyonyo likipitishwa juu ya makaa hutoa harufu nzito ya ubichi na moshi, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya kipupwe kimoja cha utoto wangu kule Iringa, miaka ya hamsini. Baba alikuwa Chunya, akitafuta dhahabu. Mama alikuwa amemzaa mdogo wangu Yona, na mtoto hata kukaa hajajua, vidole vya mama vikavimba, vikawa vya moto ukivigusa. Asubuhi havikukunjika kabisa. Majirani walisema ni baridi yabisi, eti alikwenda kufua mtoni mapema mno baada ya uzazi. Waliniudhi sana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutuuguzia na tita la mizizi kichwani. Mimi nililainisha majani motoni. Yeye aliyapaka mafuta ya nyonyo na kuyafunga kwenye kila kiungo kilichovimba. Jioni alimfunika mama blanketi na kumfukiza kwa majani ya mkaratusi. Mizizi ilichemshwa mpaka maji yakawa meusi. Nililamba tone moja nikatema mate hadi yakaniishia, lakini mama alikunywa kikombe kizima. "Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu," bibi alimwambia, "na mimi sikuulizi dawa." Maji baridi alimkataza kabisa kuyagusa. Na dawa ilisaidia, jamani! Jumapili moja mama aliamka akakunja ngumi, akacheka peke yake, akanisuka nywele, akambeba Yona mgongoni mpaka kanisani. Wanawake walimwamkia "Kamwene" na kumshika mikono, naye hakuikwepesha. Nilijua amepona.

Kisha ukungu ukashuka na manyunyu yake, vidole vikavimba kupita mwanzo, magoti nayo yakafuata. Bibi alibadilisha mizizi, akaongeza majani, akasali kwa sauti, baadaye akawa anasali kimyakimya. Mimi nilizidi kuchochea moto, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Asubuhi moja mama alimfunga Yona mgongoni ili akoroge uji. Vidole havikuweza kukaza fundo la kanga. Fundo lilifunguka, mtoto akaporomoka kando ya mafiga, akaangukia bega, hatua ndogo tu kutoka kwenye moto. Alilia, tukashukuru kwamba analia. Mama alipiga magoti akashindwa kumwinua, ikabidi nimwinue mimi. Bibi alikaa chini pale pale. "Dawa zangu zimeniishia," alimwambia mama. "Siku moja ataangukia motoni, na wewe utakuwa unamtazama."

Ndipo akaitwa mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa Mbeya, amchukue Yona mpaka dada yake apate nafuu. Siku ya kuondoka mama aling'ang'ania kumfungia mtoto mgongoni mwa mdogo wake. Alijaribu, akajaribu tena, huku basi likipiga honi barabarani. Mwishowe mama mdogo alilifunga fundo mwenyewe, kwa upole, bila kumtazama usoni. Niliichukia mikono ile mizima, Mungu anisamehe.

Nafuu ile haikuja, na Yona akakulia kule kule Mbeya. Leo vidole vyangu navyo vinavimba, lakini daktari ana jina la ugonjwa na vidonge vya kuuzuia usiharibu viungo, nami nikivimeza nasonga ugali wangu mwenyewe. Jani la mnyonyo bado nalifunga kipupwe kikikaza, maana linatuliza, na kutuliza si haba. Laiti ningempa mama kidonge kimoja tu wakati ule! Tulipomzika, mchungaji alimwita Yona, mwanawe wa pekee wa kiume, atangulie kutupa udongo. Mzee mzima, mwenye mvi. Hakusogea. Aligeuka kwanza kumtazama mama mdogo, kana kwamba anaomba ruhusa.