Kifutio cha Irangabiye

Dzaleka, nchini Malawi, ilikuwa gereza kabla haijawa kambi ya wakimbizi, na waliofika humo miaka ile ya tisini walijitania kwamba wao ndio wafungwa wa kwanza duniani kupiga hodi wenyewe. Mmoja wao alikuwa Irangabiye, Mrundi muuza nyanya, mwenye sauti nzuri ya teno na suruali moja ya kanisani.

Mwaka 1996, Kwaresima ilipoanza, Mama Esperance alimchukua amjaribu kazi. Mama huyu alikuwa mtu wa Bukavu, karani wa zamani wa shule ya masista, na alitunza karatasi za nyimbo katika chumba nyuma ya kanisa moja la Area 25, Lilongwe. Watu wa Bukavu wakiwa na rafu mbili husema wana biblioteki, yaani maktaba. Hii lakini ilikuwa biblioteki kweli. Kwaya zilitoka hata Mitundu kuja kuazima. Masharti yalikuwa mafupi: akifika Pasaka bila kuharibu kitu, ufunguo ni wake na kazi ni yake. Irangabiye, ambaye tangu avuke mpaka karatasi pekee alizoshika zilikuwa za mgao wa mahindi, alishukuru mpaka mama akamwomba apunguze.

Akafundishwa. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Soprano, alto, teno na besi za wimbo mmoja hukaa jalada moja, hata kama wenyewe kanisani hawasalimiani. Na karatasi zikirudi, futa alama zote za penseli, ili kwaya inayofuata iandike zake.

Somo hilo la mwisho lilimwingia moyoni. Kwao, chungu cha kuazima hurudishwa kimeoshwa. Kisipooshwa, habari zake husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Basi akafuta kama anayetoa shukrani. Akafuta “pumueni hapa”, akafuta “polepole”, akafuta masharubu ambayo mwimbaji fulani wa besi alikuwa amemchorea malaika. Rundo lilipokwisha, mkono bado ukiwa na hamu, akaona juu ya rafu nakala nyingine, chafu kuliko zote. Nayo akaiosha kwa kifutio.

Ilikuwa ya Jérôme, mwalimu wa kwaya ya hapo. Haikuwa imeazimwa na mtu. Humo ndimo alimoandika kila pumzi ya wimbo wa Ijumaa Kuu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni kwamba nakala ya mwalimu haiguswi.

Juma Takatifu, kwaya ikiwa imesimama tayari, Jérôme akafungua karatasi nyeupe kama kanzu ya komunyo ya kwanza. Akauliza ni shetani gani amepita humo.

Irangabiye angeweza kuwasingizia panya. Chumba kilikuwa nao wa kutosha. Akasogea mbele.

“Mi njo nilifuta, mwalimu. Niliona iko chafu.”

Jérôme akamgeukia Mama Esperance, akasema huyu arudi kwenye nyanya zake leo leo. Mama hakubisha. Alimpa Irangabiye penseli, akaiambia kwaya iimbe wimbo wote bila kusimamishwa.

“Papa Irangabiye, we sikiliza tu. Kila fasi, pale bantu banapumua, weka alama.”

Wakaimba. Irangabiye akafuata mstari kwa mstari, jasho likimdondoka pembeni ya karatasi, maana alikuwa amefundishwa kutolowesha ukurasa. Mwisho akamkabidhi mwalimu. Jérôme akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

“Hapa sikuwaambia bapumue. Na hapa pia. Kumbe alama zangu zote banaziimbia wapi?”

Besi wakatazama dari. Soprano mmoja akasema kwa adabu kwamba mwalimu hupunga mikono vizuri sana, ila pumzi huisha inapoisha. Jérôme akajaribu kukasirika, kicheko kikamshinda, na kwaya nzima ikamfuata, pamoja kabisa kwa mara ya kwanza Kwaresima ile. Karatasi akaiacha ilivyo. Ijumaa Kuu waliimba hivyo hivyo, na waumini walilia panapostahili.

Jumatatu ya Pasaka Irangabiye alikuja na ndoo ya nyanya za kushukuru na kuaga. Mama Esperance akapokea nyanya, akamwekea ufunguo kiganjani. Irangabiye akasema asante, akasema merci, akasema zikomo, akaanza na Kirundi.

“Inatosha, papa,” mama akasema. “Sasa leta ile gome ya kufutia.”

Mama akakitia kifutio mfukoni mwake mwenyewe, akafunga na kifungo.