Kigoda cha Upande wa Moshi

Mume wangu alizikwa Werugha na mimi sikulia. Wiki zikapita, bado. Wanawake wa kijiji walinitazama kanisani kana kwamba nimekuja bila viatu. Waniache! Machozi ningeyatoa wapi? Nilikuwa mkavu tu, nafundisha fizikia Voi, narudi nyumbani, nafunga mlango.

Jumamosi moja nikapanda hadi Werugha kumwona mama mkwe. Nilimkuta jikoni anachochea moto kwenye mafiga. Kuni zake zilikuwa kavu kama kawaida, maana ukimletea mbichi utayasikia. Kigoda cha mwanawe kilikuwa palepale, hakuna anayekikalia. Zamani tulimcheka mume wangu kwa hicho kigoda, kwa sababu akishakaa, moshi wote unamwendea yeye. "Moshi unakupenda kushinda mke," mama alikuwa akimwambia, naye anapangusa macho.

"Masomo yako ya nyota yamefika wapi?" mama akaniuliza.

Nasomea shahada ya pili, na nilikuwa nimekwama. Nikamweleza ili tusikae kimya tu. Kuna nyota kubwa mno ambazo hupuliza gesi yao wenyewe, upepo mkali usiokoma, mpaka nyota yenyewe inapungua. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu kana kwamba nyota yangu iko peke yake na upepo wake unatoka sawa pande zote. Kumbe ina mwenzake, zinazungukana. Huyo mwenzake anauvuta upepo, unajaa upande aliko. Mwingine unamwangukia, mwingine unajipinda na kupita.

"Kama moshi na huyu wetu," akasema mama.

"Ndiyo, mama." Sikuhisi chochote.

"Na asipokuwepo?"

"Upepo unaendelea kutoka. Pande zote sawa, basi."

Moshi ulikuwa unapanda wima hadi kwenye mabati. Mama akautazama, kisha akanisukumia kigoda kwa mguu. "Kalia hapo."

Nikakalia. Moshi ukayumba kidogo, halafu ukainama na kunijia usoni. Macho yakawasha. Pua nayo ikaanza, kisha mabega yakatikisika, na hayo sikuweza kuyazuia.

"Ni moshi," nikasema.

"Ni moshi, mwanangu."

Akanyoosha mkono nje ya mlango, akaokota ukuni mbichi uliolowa ukungu, akausukuma wote motoni.