Miche Niliyompa Shemeji Marwa

Hili nikilisimulia natazama chini, maana aibu yake haijanitoka. Miaka ile vijana wetu wa Nyanungu walikuwa wanamiminika Nyamongo kwenye dhahabu, na shemeji yangu Marwa, mdogo wa mume wangu, naye alikuwa mashimoni huko, mama mkwe halali usingizi, basi nikamwita nikamwambia arudi tulime nyanya, hao wachimbaji si wanakula mboga kila siku? Akarudi. Kitalu nilikiotesha mwenyewe, pembeni ya nyanya za msimu uliopita (uvivu tu wa kuzing'oa), na nilipoona baadhi ya miche imekuwa ya njano na majani yamejikunja nikasema hii ni njaa ya mbolea, nikaiwekea mbolea, nikampa yote akapanda.

Halafu huu mdomo wangu. Nikasimama kanisani nikatangaza Marwa ameacha shimo, nyanya zikitoa maua njooni mwone. Siku zikasogea, majani yakazidi kujikunja, nami nikaona haya kufuta mwaliko.

Wakaja, mchungaji, akina mama wa kwaya, hata bwana shamba wa kata. Mimea imedumaa, vichwa vimesokotana, maua yamepukutika. Bwana shamba akagusa tawi, vidudu vyeupe vikaruka kama unga.

"Hii ni rasta," akasema. "Ni virusi, vinasambazwa na hawa inzi weupe, wanavitoa kwenye nyanya za zamani wanavileta kwenye miche. Haina dawa, ni kung'oa. Miche ilitoka wapi?"

Marwa akanigeukia. Nikasema, "Kwangu." Nyuma mtu akacheka (hata mimi ningecheka), mchungaji akaomba tusali, tukasali tumesimama katikati ya nyanya zilizokufa.

Tuling'oa shamba zima tukachoma. Marwa hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Shemeji, ulinitakia mema," akasema, anaweka tochi kwenye begi. "Ila shimo nalijua." Akapanda pikipiki akarudi Nyamongo.

Siku hizi kitalu nakifunika neti, nyanya za zamani nazing'oa kabla ya kusia mbegu, na mche ukijikunja naufukia hapo hapo. Nimeapa, simpi mtu mche ambao sijaupindua majani nikatazama chini yake. Nyanya zinakubali. Mama mkwe ananisaidia kuzipanga kwenye tenga, hatuongei sana, ila pikipiki ikisikika kutoka upande wa Nyamongo mikono yake inasimama mpaka ipite.