Printa Mpya na Kurasa za Mwalimu Kilonzo

Muthoki alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kanisa pale mjini Sultan Hamud, mwanamke wa maneno machache na mkali kwa usafi wa kazi. Akiona herufi moja imekaa vibaya, alirarua ukurasa mzima na kuanza upya.

Miaka mingi alitumia taipureta, na Kikamba akakiwekea alama zake kwa kalamu, juu ya kila ĩ na kila ũ. Kisha mmisionari mmoja, akirudi kwao, akaiachia ofisi kompyuta yenye maandishi ya kijani na printa ya utepe iliyopiga kelele kama cherehani iliyokosa mafuta. Programu yake ya kuandikia ilijua Kikamba. Alama zilijikalia zenyewe juu ya herufi, na Muthoki akaiweka kalamu kando.

Ndipo Mwalimu Kilonzo alipoanza kumjia. Ndiye aliyemfundisha kusoma utotoni kule Kilungu. Alipostaafu alizunguka vilima vya huko akiwauliza wazee majina ya chemchemi, mabonde na miamba, na kisa cha kila jina. Siku za soko alishuka mjini, akaketi kando ya Muthoki, akasimulia huku yeye anachapa. Kazi ikaenda miaka.

"Nitolee hata kidogo nione, mwanangu," alikuwa akisema.

"Tumalize kwanza, Mwalimu. Nitakutolea yote pamoja, ikiwa safi."

Mwaka wa tisini na saba kanisa likanunua kompyuta mpya ya Windows na printa yake ndogo isiyo na kelele. Muthoki mwenyewe ndiye aliyemsumbua mchungaji hadi zikanunuliwa. Siku mashine zilipofika aliita mtu wa vyuma vikuukuu, akampa ile printa ya zamani bila hata kuitazama mara ya pili. Programu ile ya Kikamba aliihamishia kwenye mashine mpya pamoja na maandishi, nayo ikafunguka vizuri tu.

Kisa cha mwisho walikimaliza mvua zikikaribia. Wakati huo Mwalimu alikuwa amevimba miguu, na alipopanda kurudi Kilungu hakushuka tena. Muthoki akaweka karatasi na kuagiza printa itoe kazi. Taa ikametameta, ikatulia. Hakuna kitu. Akajaribu tena na tena, karatasi ikabaki pale pale.

Akamwita Evanson Thuo, fundi wa kompyuta mwenye duka Machakos. Evanson alihangaika asubuhi nzima, mwisho akaegemea kiti.

"Mama, hii programu yako inaongea na printa vile za zamani zilikuwa zinaongeleshwa. Hii mpya inasikia Windows peke yake."

"Na maandishi yangu?"

"Maandishi yako yapo yote. Wacha niyapeleke kwa programu mpya tuone."

Ukurasa ukatoka. Kila mahali palipokuwa na ĩ au ũ palikuwa na alama ya kuuliza. Kĩlũngũ yenyewe ilikuwa K?l?ng?. Muthoki aliutazama kama mtu anayetazama nguo iliyounguzwa na pasi.

"Naweza kukutolea yote hivi leo," Evanson akasema. "Hizo alama utarekebisha na kalamu."

"Hapana. Hii siwezi kumpelekea Mwalimu."

"Basi nipe muda. Kuna programu ndogo ya kukaa katikati, inachukua maneno ya ile ya zamani na kuipa printa kwa lugha yake. Nitaitafuta Nairobi."

Mvua za El Niño zikaanguka, barabara zikakatika, na Evanson hakuonekana. Siku moja akaja Kaluki, mke wa Mwalimu, matope hadi magotini.

"Mzee anauliza kama kitabu kimetoka. Anasema hata kurasa chache."

"Mwambie imebaki kidogo, Mwaitu," Muthoki akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Nataka aione ikiwa safi."

"Muthoki, yeye hajali usafi. Anataka tu kushika."

Kaluki alipoondoka, Muthoki aliutoa ule ukurasa kwenye droo, akachukua kalamu na kurekebisha mstari wa kwanza. Ulisomeka, lakini bado ulikuwa mchafu machoni pake. Akaurudisha.

Mwalimu alifariki kabla mvua hazijaisha. Ratiba ya mazishi ilikuwa ya Kiswahili kisicho na alama, na printa mpya iliitoa vizuri sana, bila doa.

Evanson alikuja barabara zilipofunguka, na disketi ya ile programu ndogo mfukoni. Kurasa zikatoka moja baada ya nyingine, kila alama mahali pake. Muthoki alizifunga kwa kitambaa, akapanda nazo Kilungu. Kaluki alizipokea kwa mikono miwili, kisha akamrudishia.

"Nisomee za chemchemi."

Muthoki akasoma. Kaluki alisikiliza akitikisa kichwa, hadi mahali fulani akainua mkono.

"Ni hapo, au ni hapo mbele? Kuna chemchemi mbili alizozichanganya majina. Alikumbuka akiwa kitandani. Ndiyo maana alikuwa anataka kurasa, arekebishe."

"Ni zipi, Mwaitu?"

"Sikumuuliza. Nilijua ataziona mwenyewe."

Muthoki alizifunga kurasa tena kwa kitambaa. Miezi iliyofuata alipanda vilima vile kila alipopata nafasi, akiuliza. Wazee waliomsimulia Mwalimu wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliobaki walibishana, huyu hivi, yule vile. Mwisho akaacha maandishi yalivyokuwa.

Kanisa lilitoa nakala, na shule kadhaa za Kilungu zikazichukua. Watu walimpongeza Muthoki kwa kazi nzuri, naye alishukuru kwa sauti ya chini. Kaluki hakumlaumu hata siku moja, na kila walipokutana sokoni alimshika mkono kwa muda mrefu. Muthoki angependa zaidi kama Kaluki angemkasirikia.