Petitio Sebuleni Kinindo

Waliokuwepo: mdogo wangu Hugues, aliyetaka kuoa, baba mdogo Révérien, msemaji wetu, na mimi, mwalimu wa mantiki. Upande wa pili, wenyeji wetu mtaani Kinindo: baba yake Nella, binti tuliyekwenda kumwomba, na mzee Népomuscène, msemaji wao. Nella mwenyewe alikuwa chumbani, kama desturi inavyotaka.

Ndugu wasomaji, siku hiyo nilimwona mtu akishukuru kwa kitu ambacho hajapewa, nami sikuweza kumzuia.

Kwetu, katika kikao cha kuomba mchumba, msemaji ni mmoja. Mwingine akifungua kinywa, ameivua familia nguo.

Révérien akasimama, akainua chupa.

"Wazee, tunawashukuru kwa huyu bibi yetu Nella!"

Tayari amemwita mke!

Ombi lilikuwa halijatamkwa! Darasani kosa hilo naliita kwa neno la Kilatini, petitio: kulichukulia jambo unalopaswa kulithibitisha kana kwamba limekwisha kuthibitishwa.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza.

"Bibi yenu?" mzee Népomuscène akatabasamu. "Nani aliwapatia?"

"Si wanapendana, muzee!"

"Na kupendana kwao mulijulia wapi?"

"Ni bibi yetu, tutakosa kujua?"

"Eh! We unazunguka kama mbuzi kwenye kamba!"

Sebule nzima ikacheka. Nikashusha pumzi. Kwa kawaida utani wa namna hiyo huishia kwenye faini ya kreti ya bia, kisha ombi linaendelea.

Lakini Révérien hakuvumilia kuchekwa.

"Munacheka nini? Na mimba yake? Si ya kwetu?"

Kicheko kikakatika.

Nikamgeukia Hugues. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Muda wote nilidhani baba mdogo ameruka hatua ya hoja. Kumbe hatua alikuwa nayo: mimba. Niliyefichwa ni mimi.

Nimejifunza hili: hoja mbovu husamehewa kwa kicheko. Ukweli uliotupwa kwa hasira, hata mwenye mantiki hana pa kuushika.

Baba yake Nella akamnong'oneza msemaji wake. Mzee Népomuscène akasimama. Safari hii hakutabasamu.

"Musikilize wote. Mutu haombe kitu alikwisha kubeba. Leo hakuna ombi. Nella atazalia hapa, kwa baba yake. Mutoto akianza kutembea, mutarudi kuomba wawili."